Sokwe analindwa, kitanda chake kinauzwa

Barua ya wazi kutoka kusini mwa Mto Malagarasi, Mkoa wa Kigoma

Kwa Waziri wa Maliasili na Utalii. Waziri mwenye dhamana ya ardhi. Waziri wa TAMISEMI. Mkuu wa Mkoa wa Kigoma. Na wakurugenzi wa halmashauri zetu.

YAH: MISITU YA VIJIJI WANAMOLALA SOKWE

Waheshimiwa,

Tungekutana barazani, wengi wenu mngeniamkia shikamoo, maana nina miaka sitini na saba. Lakini ofisi ni zenu, kwa hiyo naanza mimi: hamjambo, na poleni na kazi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kwa miaka sita nilikuwa katibu wa Kamati ya Maliasili ya kijiji chetu, Wilaya ya Uvinza. Jina la kijiji sitalitaja. Vijiji vyenye habari kama hii viko vingi, na nikitaja kimoja mtakwenda kumkamata mwenyekiti wake, mpige picha, mrudi mjini mkiamini kazi imekwisha.

Septemba iliyopita nilipanda milimani na vijana wawili kuhesabu viota. Sokwe hulala juu ya mti, na kila jioni hutandika upya: anakunja matawi, anayasokota pamoja, anatupia majani laini juu, analala. Kesho atatandika pengine. Kwa hiyo huku kwetu anayetaka kujua idadi yao hahangaiki kuwatafuta wenyewe. Hawa si wale wa Gombe waliozoea kamera. Ukifika, wamekwisha kukusikia na kuondoka zamani. Unahesabu vitanda. Cha jana kina majani mabichi. Cha wiki kadhaa kimekauka na kuwa rangi ya udongo. Cha zamani yamebaki matawi matupu, kama tenga lililotoboka.

Tulikuwa tunaelekea bonde ambalo kwenye ramani ya matumizi bora ya ardhi ya kijiji limepakwa kijani. Njia tunaijua hata gizani. Tulipofika mgongo wa mwisho wa mlima, kijana aliyetangulia alisimama, akageuka, akaniuliza, "Mwalimu, bonde liko wapi?"

Lilikuwepo, ila limenyolewa. Miti imelazwa, imechomwa, na ukichokonoa majivu kwa fimbo bado yanatoa moshi. Visiki vimekatwa sawasawa, kazi ya chenso, si ya shoka. Mti mmoja mkubwa ulikuwa umeangukia kwenye kijito moto usiufikie, na katika matawi yake kulikuwa na viota viwili, kimoja kikubwa na kimoja hatua chache pembeni. Mmoja wa vijana alitoa simu apige picha, akairudisha mfukoni. Nitaeleza baadaye kwa nini aliirudisha.

Mwenye shamba tulimkuta chini ya turubai na mke na watoto watatu, wanakula mihogo ya kuchemsha. Hakukimbia. Alitukaribisha, akatupa maji. Nilipomwambia kwamba hapa ni msitu wa hifadhi wa kijiji, aliingia ndani akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ekari kumi, fedha taslimu, sahihi mbili, na mhuri wa kijiji. Mhuri ule naufahamu. Zamani ulikuwa unakaa droo moja na daftari langu la kumbukumbu. "Mwalimu," akaniambia kwa sauti ya mtu aliyeanza kuogopa, "mimi nimeuziwa."

Waheshimiwa, bwana yule angemuua sokwe mmoja, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ingemshukia kwa uzito wake wote, na pengine angetoka jela watoto wale wana watoto wao. Amelaza bonde zima walimokuwa wakilala, na ana risiti.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Mengine yote nitakayoyasema yanatokea hapo.

Mdhamini mmoja, makabati matatu

Nikiwa darasani nilikuwa nawaambia watoto wasome sheria yenyewe, wasisubiri kusimuliwa. Nimejaribu kufuata ushauri wangu.

Sheria ya 2009 inasema wanyama wote wa Tanzania ni mali ya umma, na wamewekwa mikononi mwa Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sawa. Kisha nikafungua Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999. Nayo inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na iko mikononi mwa Rais, mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo sokwe na mti anaolalia wana mdhamini yule yule mmoja. Kwenye karatasi hawajatengana kabisa.

Wametenganishwa na makabati. Jalada la mnyama liko Maliasili. Jalada la ardhi ya kijiji liko Ardhi. Mtendaji mwenye mhuri yuko TAMISEMI. Tulipopeleka taarifa ya bonde lile wilayani, ofisi ya kwanza ilituambia suala hili ni la ardhi, nendeni ofisi ya pili. Ofisi ya pili ikasema ardhi ni ya kijiji, rudini kijijini mkamalizane na mwenyekiti wenu. Mwenyekiti wetu ndiye mwenye sahihi ya kwanza kwenye ile karatasi. Nauli ya bodaboda na basi, kwenda na kurudi, nililipa kwenye pensheni yangu.

Na msidhani sheria ya kuzuia mauzo yale haipo. Ipo, na wala haina utata. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Tena inatenga ardhi ya pamoja, yaani ya jumuiya, na ile ya mtu na familia yake. Msitu wa kijiji ni ardhi ya pamoja. Mkutano mkuu wa kijiji chetu haujawahi kukaa kuuza bonde lile. Mimi ningejua, maana miaka yangu yote ya ukatibu, na hata baada yake, sijakosa mkutano hata mmoja, labda ule wa wiki niliyougua malaria.

Kwa nini tusiwaachie Gombe na Mahale

Najua mtakalosema, kwa kuwa nimeliambiwa mara nyingi: sokwe wana hifadhi zao mbili, Gombe na Mahale, watalii wanakwenda, askari wapo, basi yatosha.

Gombe ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Pamoja na kipande cha ziwa kilichoongezwa, ina kilomita za mraba 56. Mtu mwenye miguu mizuri anaimaliza kwa siku. Sokwe waliomo ni kama mia moja hivi, katika makundi matatu. Mahale ni kubwa, kilomita za mraba 1,613, na ilitangazwa 1985. Lakini sokwe wa Tanzania wanakadiriwa kuwa kati ya 2,000 na 3,000, na wengi wao hawaishi katika hifadhi hizo mbili. Wako Masito, wako misitu ya Tongwe, wako Ugalla, ambako ndiko mwisho wa sokwe wa asili wa nchi yetu upande wa mashariki. Wachache wamebaki hata Kwitanga, kaskazini, kwenye msitu ulio chini ya gereza. Nadhani ndio sokwe pekee nchini wanaolindwa na askari magereza. (Wale wa kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, msinitajie. Wale ni wahamiaji: walishushwa 17 pale kati ya 1966 na 1969, wametoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya.)

Na hawa wa kwetu wanahitaji nafasi kubwa kuliko wa Gombe. Masito na Ugalla ni nchi ya miombo, kavu. Agosti na Septemba majani yamepukutika, nyasi zimeungua, chakula kimebaki kwenye vipande vyembamba vya msitu kando ya vijito. Kundi moja linazunguka eneo ambalo Gombe lingetosha makundi kadhaa. Mkiangalia kutoka kwenye ndege mtasema pori hili ni tupu. Si tupu, limepangwa hivyo.

Halafu kuna jambo la mabinti. Kwa sokwe, dume huzaliwa na kufia kwao. Jike akishavunja ungo ndiye anayehama kwenda kundi jingine, huko ndiko atakakozalia. Wanaolewa mbali, kama tulivyozoea sisi. Hapo ndipo mnapoona maana ya ushoroba, ile njia ya mnyama kutoka msitu hadi msitu. Ukikata msitu kati ya kundi na kundi hujaua mnyama hata mmoja. Umemfungia binti njia ya kwenda kwa mumewe. Atabaki kwao na kaka zake na baba yake. Na sokwe si panya: jike huanza kuzaa akiwa na miaka kumi na miwili, kumi na mitatu au zaidi, na kutoka mtoto hadi mtoto hupita miaka mitano au sita. Kundi likianza kupungua, wewe Waziri utastaafu, na aliyekufuata atastaafu, kabla halijarudi kwenye idadi yake.

Mama Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, alifariki tarehe 1 Oktoba 2025. Rambirambi zilikuwa nyingi, na alistahili. Alishuka Gombe Julai 1960, na sokwe aliowakuta akawapa majina. Flo, jike maarufu kuliko wote, alipokufa mwaka 1972, gazeti la Sunday Times la London lilimwandikia tanzia kama linavyomwandikia mtu. Wa kwetu hawana majina. Wawili waliotandika juu ya mti ule ulioangukia kijitoni, nadhani mama na mtoto aliyeanza kujitegemea, hawakuandikwa popote isipokuwa kwenye daftari la mwalimu mstaafu.

Tulivyopaka ramani rangi

Kuna watu mjini wanaosema wanavijiji ndio adui wa msitu. Nawaomba wasome historia ya mwambao huu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milima inayoizunguka Gombe ilikuwa imebaki vichwa vitupu, mvua ikinyesha udongo unashuka ziwani na nyumba pamoja nao. Mwaka 1994 ulianza mradi wa TACARE, wa taasisi ya Mama Jane, na wale walioanza walifanya jambo la busara: waliuliza wanakijiji wanataka nini kabla ya kuwaeleza habari za sokwe. Watu wakasema maji, zahanati, shule, miche. Sokwe walikuja baadaye kwenye mazungumzo. Baadaye vijiji vikapanga matumizi ya ardhi yao na kutenga misitu kwa hiari. Upande ule vilima vingine vimeanza kuota tena, bila mtu kupanda. Walichofanya ni kuacha kuchoma.

Kwetu kusini tulifuata njia hiyo. Siku ya kupanga matumizi ya ardhi tulikaa chini ya mwembe kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri ikapita. Wazee waligombana kuhusu malisho, kina mama walipigania njia ya kuni, vijana walitaka mashamba mapya. Mwisho tukakubaliana. Kijani msitu, njano mashamba, na kadhalika. Tukapitisha sheria ndogo. Tukachagua walinzi wa msitu, tukawapa mabuti na simu janja za kupigia picha visiki, makaa, mitego na viota, na kila picha inajiandika mahali ilipopigwa. Nilijivunia sana. Niliandika kwenye kumbukumbu: "Mkutano umefungwa saa tisa alasiri kwa dua na furaha."

Mradi una mwisho, Waheshimiwa. Posho za walinzi zilikatika. Mabuti yaliisha. Simu zikaendelea kupiga picha kwa muda, maana vijana wale walikuwa na moyo, lakini picha zilikwenda na hakuna mtu aliyekuja. Mlinzi anapiga picha ya kisiki leo, mwezi ujao anakuta visiki kumi, mwaka ujao anakuta shamba, na mwenye shamba anamcheka kwa jina. Ndiyo sababu kijana wangu aliirudisha simu mfukoni.

Chikichi na kijito

Hapa nitawaudhi baadhi ya majirani zangu, na pengine Mheshimiwa Waziri Mkuu mstaafu pia.

Mwaka 2018 Serikali ilianza kampeni ya kufufua chikichi Kigoma, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaisimamia mwenyewe. Kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Kihinga, kikapewa kazi ya kuzalisha miche bora. Siipingi. Mimi nimelelewa na mawese. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye chikichi za baba. Nchi inayonunua mafuta ya kula nje wakati Kigoma ipo inajitia aibu.

Lakini mchikichi unataka maji. Na maji kwetu yako wapi? Yako kwenye yale mabonde membamba, palepale ambapo sokwe anajificha kiangazi. Mkulima akipewa miche na asionyeshwe pa kuipanda, atashuka bondeni, nami nisingemlaumu. Serikali moja inamwambia panda, Serikali hiyo hiyo inamwambia hifadhi, na bonde ni moja.

Dawa yake haihitaji semina. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 kila upande, mahali pengi hapa, ndiyo msitu wote wa bonde. Mpeni bwana shamba wa kata futi kamba. Kabla hajagawa mche hata mmoja, apime, apige vigingi, aandike jina la mkulima. Shamba lianzie juu ya vigingi. Nimeona wakulima wakifanya hivyo wenyewe kwa hiari na chikichi zao zinabeba vizuri.

(Jambo la pembeni, kwa wanaopenda mambo ya kushangaza: sokwe wa Gombe wanakula chikichi sana, ila watafiti walioishi Mahale waliandika kwamba wa huko walikuwa wanapita chini ya michikichi bila kuigusa. Kila kundi na mila yake. Mkiwapoteza hawa wa katikati, kuna mila ambazo hatutajua kwamba zilikuwepo.)

Msitupandishe hadhi

Sasa nasema na wale wa Maliasili peke yao.

Najua dawa yenu ya kawaida. Eneo likiwa na wanyama, linapandishwa hadhi. Pori tengefu linakuwa pori la akiba, pori la akiba linakuwa hifadhi ya taifa. Pori la Akiba la Mto Ugalla lilipandishwa hivyo mwaka 2019, na warina asali wa Tabora na Katavi ambao babu zao walitundika mizinga mle wanajua walichopoteza.

Mama yangu alikuwa Mtongwe. Misitu ya Tongwe imeitwa kwa jina la watu wake. Alizaliwa Kasoge, pale ambapo Toshisada Nishida na Wajapani wenzake walianza utafiti wao mwaka 1965, pale ambapo leo watalii wanavaa barakoa ili wasiwaambukize sokwe mafua. Watu wakahamishwa, hifadhi ikaja. Mama alikufa bado anapaita nyumbani, akitaja miti fulani fulani kama mtu anayetaja majirani. Mizimu ya Watongwe iko kwenye milima ile. Siwaombi mnirudishie Kasoge. Hilo limepita, na nakiri sokwe wa Mahale wamenusurika kwa sababu ya hifadhi. Ninachosema ni kwamba mtu aliyewahi kuhamishwa akisikia neno "hadhi" anafungasha. Na anayefungasha hapandi mti wala halindi msitu, anakata anachoweza kabla hakijachukuliwa. Uvumi tu wa kupandisha hadhi unaweza kufyeka msitu kuliko chenso ishirini.

Wala siwaombi mje kutuhubiria kwamba sokwe ni ndugu yetu mpole. Tunamjua. Anaingia kwenye mahindi na migomba, anang'oa. Mwaka 2002 dume mmoja wa Gombe alipora mtoto mdogo wa binadamu na kumuua. Tunaoishi naye tunajua kulinda watoto, na kwetu sokwe haliwi. Tunachotaka ni msitu wake uwe msitu wake na shamba letu liwe shamba letu, na mpaka uonekane.

Mpaka uonekane. Hilo ndilo la kwanza kabisa ninaloliomba. Ramani yetu iko ukutani kwa mtendaji, imefifia, mende wamekula pembe ya kusini. Bondeni hakuna hata bikoni moja. Yule bwana aliyetoka mbali na watoto watatu angejuaje? Wekeni bikoni, pakeni miti ya mpakani rangi, na msomeeni kila anayehamia kijijini ile ramani kabla hajapewa hata pa kulala.

La pili linawahusu Ardhi na TAMISEMI mkiwa chumba kimoja, na msitoke mpaka mkubaliane. Kila risiti ya ardhi iliyotolewa ndani ya msitu uliotengwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ifutwe. Aliyeuza ndiye arudishe fedha, naye ndiye ashitakiwe. Yule mnunuzi apewe ardhi pengine ndani ya eneo la njano, kwa sababu ipo. Nimeona mara mbili operesheni ambapo vibanda vya wanunuzi vilichomwa na wauzaji wakasimama pembeni wanaangalia, mmoja wao akiwa amevaa kofia ya kamati. Baada ya miezi mitatu aliuza tena palepale.

Kisha huo ushoroba. Kanuni za shoroba, maeneo ya mtawanyiko na mapito ya wanyamapori zilitolewa mwaka 2018. Zinampa Waziri njia ya kulinda njia ya mnyama kwa kushirikiana na wenye ardhi, bila kuwahamisha. Nchi pia iliandika mpango wa kitaifa wa kuwahifadhi sokwe wa 2018 hadi 2023. Miaka yake imepita. Ushoroba kati ya Masito na Mahale tunauona kwa macho, tunapita chini yake tukienda mashambani. Tunangoja uonekane kwenye Gazeti la Serikali, pamoja na majina ya vijiji vilivyoshauriwa. Vishaurini kweli. Msituletee karatasi ya mahudhurio tusaini halafu mseme tulikubali.

Na walinzi walipwe. Hapa sitazunguka. Ukivuka kwenda Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, kuna vijiji vinane vya upande wa Ntakata vinavyouza hewa ukaa, yaani vinalipwa kwa kuacha misitu yao isimame, misitu ambayo sokwe wanaishi. Fedha inaingia kijijini, walinzi wanalipwa, madarasa na zahanati zinaonekana. Vijana wetu wanakwenda kule kwa pikipiki, wanarudi wakiuliza kwa nini sisi hapana. Sina jibu la kuwapa. Madalali wa hewa ukaa wameanza kupita na huku, wanaongea haraka na mikataba yao ni ya Kiingereza. Kabla kijiji chochote hakijaweka mhuri, na mhuri wetu mmekwisha kuona unavyofanya kazi, mwanasheria wa halmashauri aje, mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu, kila kipengele, hata kama itatuchukua siku mbili. Tutaleta ugali.

Kuhusu moto nitasema kidogo, maana kila mtu anajua na hakuna anayefanya. Moto wa Mei na Juni, nyasi zikiwa na unyevu, unapita chini na kuzimika. Moto wa Septemba unapanda mtini. Wapeni vijiji ratiba na mafuta ya kuchomea mapema mipakani.

Nimekwisha kusikia kwamba barua za namna hii zinajibiwa kwa kutuma tume. Msitume tume. Njooni wenyewe, hata mmoja wenu, wiki ya pili ya Agosti, barabara ikiwa kavu. Mtavuka Malagarasi kwa kivuko cha Ilagala. Mkichelewa mchana mtasubiri, kwa hiyo tokeni Kigoma mjini alfajiri. Magari yataishia kijijini. Kutoka hapo ni saa nne kwa miguu, kwa mwendo wangu. Njooni na viatu vya kufungwa kamba, maji, na mtu mmoja kutoka kila kabati kati ya yale matatu, ili bwana mwenye risiti akiuliza swali asiambiwe nenda ofisi ya pili. Alilima mahindi pale msimu huu. Alipovuna alinitumia debe moja, akaniambia ni shukrani kwa sababu sikumletea polisi. Sijalila wala sijalirudisha. Liko stoo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu
Wilaya ya Uvinza, Kigoma